Kuifuata bendi inayopiga maonyesho ya bendi nyingine: tunafuata nini hasa?

Mpenzi wa Solo (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi jimbo la Ohio, Marekani, na kwa muda sasa nimekuwa mfuasi wa Dark Star Orchestra, bendi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1997 kwa ajili ya kuuenzi muziki wa Grateful Dead. Kwa wasiowafahamu, Grateful Dead walianza California mwaka 1965, wakapiga maonyesho yapatayo 2,300 katika miaka 30, na wakasimama baada ya mpiga solo na mwimbaji wao, Jerry Garcia, kufariki Agosti 1995. Hawakuwa na mazoea ya kurudia onyesho. Kila usiku orodha ya nyimbo ilibadilika, na ndani ya wimbo mmoja waliweza kuyaacha mashairi wakazama katika kubuni papo hapo kwa dakika 20 au zaidi, kila mmoja akimtegea mwenzake sikio.

Dark Star Orchestra huchagua onyesho moja katika hayo, tuseme la Mei 1977 au la Oktoba 1989, kisha hupiga nyimbo zote za usiku ule kwa mfuatano ule ule. Sisi watazamaji hatuambiwi ni onyesho lipi. Tarehe na jina la ukumbi hutangazwa mwishoni, wakati watu wameshachoka kubashiri. Zipo pia siku ambazo hupanga orodha yao wenyewe.

Swali langu limetokana na shemeji yangu, ambaye anapenda muziki wa dansi na hana subira na mambo ya namna hii. Ananiuliza kwa nini niendeshe gari saa kadhaa na kulipa kiingilio ili niwasikilize watu wakiiga usiku ambao rekodi yake inapatikana bure kwenye intaneti. Nikimwambia kwamba wanapiga vizuri, hunijibu kwamba hata bendi za harusini hupiga nyimbo za kukopi vizuri. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mfuasi wa bendi kama hii anafuata kitu gani ambacho rekodi ya zamani haina? Na la pili, dogo: wapo wenzangu ambao baada ya nyimbo tatu hutoa simu, wakatafuta orodha inayolingana, na wakaijua tarehe kabla ya mapumziko. Je, hilo linaharibu jambo, au ni sehemu yake? Natanguliza shukrani.

MzeeWaKanda

Ndugu mleta mada, shemeji yako ameuliza swali zuri, ila kipimo alichokitumia si chenyewe. Bendi ya harusini inayopiga nyimbo za kukopi hupimwa kwa namna inavyoikaribia santuri. Kwa Grateful Dead santuri haiwezi kuwa kipimo, kwa kuwa wafuasi wao wengi tangu zamani wanaziweka albamu za studio nyuma ya kanda za maonyesho, na katika kanda hizo wimbo ule ule unatoka namna moja mwaka 1972, namna nyingine mwaka 1977, na namna nyingine kabisa mwaka 1989. Anayetaka kukopi atakopi upi?

Ndiyo maana Dark Star Orchestra hawakopi noti kwa noti, wala hawavai mawigi na mavazi ya kuigiza kama zifanyavyo bendi nyingi za kuwaenzi Beatles. Wanachokirudia ni hali ya usiku ule: orodha ya nyimbo, mpangilio wa kila wimbo kama ulivyokuwa mwaka huo, mwendo wake, nani anaimba ubeti upi, vyombo gani viko jukwaani na vimekaa upande gani. Wakishafika pale ambapo Grateful Dead waliiacha njia na kuanza kubuni, na wao huiacha njia, na kinachotoka hapo ni chao. Shemeji yako kama mpenzi wa dansi analijua sebene, basi mkumbushe hivi: mpe mpiga solo mwingine wimbo wa zamani, mashairi yatabaki yale yale lakini sebene litakuwa la kwake, na kama hana la kwake, ukumbi mzima utajua mapema.

Kuhusu kubashiri tarehe, mimi naona hiyo ndiyo elimu yenyewe, na inaanza kabla taa hazijazimwa. Litazame jukwaa. Ukiona seti moja tu ya drams, ukiacha miaka ya mwanzo kabisa hadi 1967, jua uko kati ya mwaka 1971 na 1974, kwa kuwa Mickey Hart aliondoka Februari 1971 akamwacha Bill Kreutzmann peke yake, na hakuonekana tena jukwaani nao hadi Oktoba 1974, kwenye onyesho la mwisho kabla ya bendi kusimamisha ziara. Ukiona mwimbaji wa kike, hiyo ni nafasi ya Donna Jean Godchaux, aliyeimba nao kuanzia 1972 hadi mwanzoni mwa 1979, huku mumewe Keith akipapasa piano. Alipoingia Brent Mydland mwaka 1979 akaja na ogani ya Hammond, bendi ikapata mlio mzito zaidi, kiasi kwamba mwenye sikio lililozoea hutambua kipindi hicho ndani ya wimbo wa kwanza.

Kisha nyimbo zenyewe huzungumza. "Touch of Grey" ilipigwa kwa mara ya kwanza Septemba 1982, hivyo ukiisikia, miaka yote ya nyuma imefutika katika hesabu yako. "Scarlet Begonias" ikimwagikia "Fire on the Mountain" bila kusimama, uko Machi 1977 au baadaye. Ukikuta kipindi cha pili wapiga ngoma wanaachiwa jukwaa peke yao, halafu magitaa yanarudi kwa milio isiyo na mdundo wala ufunguo, uko 1978 au baada ya hapo, kwa sababu ndipo sehemu hiyo ilipokuwa desturi ya kila usiku. Wimbo "Dark Star", ulioipa bendi hii jina, ndio kidokezo kitamu kuliko vyote: ulikuwa wa kawaida hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ukawa adimu kiasi kwamba ulipopigwa Hampton, Virginia, Oktoba 1989, kelele za watu katika rekodi zinakwambia walivyokuwa wameusubiri.

Sasa mtu aliyeandika nyimbo tatu kwenye simu akaletewa tarehe amepata jibu, lakini amejikosesha saa nzima ya kuzisikiliza drams, ogani na mwendo wa nyimbo kwa makini ambayo hakuna kitu kingine kingemfanya awe nayo. Simu iache mfukoni.

Mchokonozi

Nimesoma maelezo ya Mzee wetu kwa heshima, na bado nina shaka na jambo moja ambalo naona mashabiki hulikwepa. Kilichowapa Grateful Dead uhai ni kwamba jukwaani hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika wimbo unaofuata. Wimbo ulichaguliwa katikati ya mwingine, kwa gitaa moja kudokeza na wengine kukubali au kukataa, na mara nyingine walipishana mbele ya maelfu ya watu. Dark Star Orchestra wanapopiga onyesho la kihistoria, kila aliye jukwaani anajua kitakachofuata kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kuagia. Kile cha kutojua wamekiondoa kwa wapigaji wakakigawa kwa watazamaji kama chemsha bongo. Chemsha bongo inapendeza, lakini haiwezi kuziba pengo la kile kilichoondolewa.

Mimi huenda siku wanapopanga orodha yao wenyewe, na zaidi huwafuata Joe Russo's Almost Dead, walioanza Brooklyn mwaka 2013. Hao huzichukua nyimbo zile zile wakazipeleka zilikokuwa hazijawahi kufika, na hawabebi tarehe ya mtu mgongoni. Tena fikirini: Dark Star Orchestra wamekwisha kupiga maonyesho zaidi ya 3,000. Bendi iliyopanda jukwaani mara nyingi kuliko bendi inayoienzi ina haja gani ya kuendelea kukaa chini ya kivuli chake?

Kinanda wa Minnesota

Mchokonozi ameuliza vizuri, nami nitajibu kama mtu anayepapasa kinanda, kwa sababu nadhani jambo hili ukiwa nyuma ya kinanda linaonekana tofauti na ukiwa mbele ya jukwaa.

Kuujua wimbo unaofuata si sawa na kuijua njia ya kukufikisha huko. Nikiambiwa kwamba baada ya wimbo huu tutaingia ule, na kwamba mwaka 1973 walichukua robo saa kutoka hapa hadi pale, nimepewa mwanzo na mwisho tu. Hiyo robo saa katikati ni yangu na wenzangu, na hatuwezi kuijaza kwa kumbukumbu. Pengine ni kazi ngumu zaidi, kwani aliye huru kabisa akipotea anaweza kuingia wimbo wowote ulio karibu na kusema ndiko alikokuwa akielekea, ila aliyefungwa na orodha lazima afike pale pale, na afike bila kusikika akihangaika.

Halafu fikirini kazi ya mtu mmoja kubadilika kila usiku. Leo mpapasa kinanda ana piano peke yake, chombo ambacho noti yake huanza kufa mara tu inapozaliwa, hivyo inambidi ajaze nafasi kwa mikono yenye shughuli kama ya Keith Godchaux. Kesho anapewa ogani, ambayo noti yake hukaa muda wote kidole kikiwa chini, na sasa anatakiwa ajizuie asiwafunike wapiga magitaa. Rob Barraco, anayefanya kazi hiyo katika Dark Star Orchestra, aliwahi kupiga na Phil Lesh mwenyewe, mpiga besi wa Grateful Dead, na ukimsikiliza unatambua kwamba ameyachagua anayoyapiga na hayarudii kwa kukariri.

Hata mabadiliko ndani ya bendi yenyewe yanatupa cha kufuata. Scott Larned, mmoja wa waanzilishi, aliyekuwa kwenye kinanda, alifariki mwaka 2005. John Kadlecik, mwanzilishi mwenzake aliyesimama nafasi ya Garcia, aliondoka mwaka 2009 baada ya Phil Lesh na Bob Weir, mpiga rithimu wa Grateful Dead, kumchukua katika bendi yao mpya, Furthur. Yaani wenye nyimbo walikuja kumtafuta mtu wao katika bendi ya kuwaenzi. Nafasi yake ikachukuliwa na Jeff Mattson, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameupiga muziki huu na kundi la Zen Tricksters. Kwa masikio yangu, Kadlecik aliukaribia zaidi mlio wa Garcia, wenye mviringo na upole, ilhali Mattson haumi maneno na huupeleka wimbo juu kwa ukali ambao ni wake. Wapo waliolalamika alipoingia. Ila bendi ambayo mashabiki wake wanabishana kuhusu mikono ya mpiga solo mpya imekwisha kuwa bendi yenyewe, iwe inapiga tarehe ya nani.

Kuna mfano mmoja ambao huwa nauwaza. Septemba 1978 Grateful Dead walipiga Giza, Misri, chini ya mapiramidi, na Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, hivyo alipiga drams kwa mkono mmoja. Bendi ikiamua kuurudia usiku huo, je, mpiga drams wake naye afungwe mkono? Nadhani hata mshabiki mkali wa usahihi atasema hapana, na katika hapana hiyo kuna jibu kwa shemeji. Mtu hurudia kile ambacho wale walikusudia na kuchagua. Yaliyowapata kwa bahati mbaya, pamoja na mashairi ambayo Garcia aliyasahau mara nyingi tu, hayana wa kuyarithi.

Kuhusu simu, sikubaliani na Mzee. Wakati wa mapumziko mimi huangalia, kwa kuwa nikishajua ni usiku upi, kipindi cha pili nakisikiliza kwa swali lililo wazi: walifanya nini pale, na hawa watafanya nini hapa?

Binti Kisauni

Shikamoo Mzee wa Kanda, na salamu kwa wengine. Mimi niko Mombasa na sijawahi kuwaona Dark Star Orchestra ana kwa ana, kwa hiyo ushabiki wangu wote uko masikioni. Kwa kuwa Giza imetajwa, huko ndiko mlango wangu ulikokuwa. Nilikuwa nikimsikiliza Hamza El Din, Mnubi mpiga udi ambaye kijiji chao kilimezwa na maji ya bwawa la Aswan, na nikakuta kwamba alipanda jukwaani katika maonyesho yale ya Misri pamoja na waimbaji na wapiga makofi. Katika rekodi makofi yao ya mapigo 12 yanaendelea, Grateful Dead wanaingia mmoja mmoja juu yake, na taratibu muziki wa Kinubi unageuka kuwa wao bila mtu kusema hapa ndipo mpaka.

Nasema hivi kwa sababu mleta mada amezungumza kana kwamba rekodi ya bure inapingana na bendi ya kuenzi, nami naona vinaishi nyumba moja. Maktaba ya Internet Archive ina rekodi za Grateful Dead na pia za Dark Star Orchestra, zilizorekodiwa na watazamaji kwa ruhusa ya bendi. Nikipata onyesho ambalo tarehe yake ya asili imetajwa, nasikiliza wimbo mmoja wa asili, kisha ule ule wa hawa, na pale wanapoachana nasimama na kurudia. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya kujifunza kusikiliza gitaa. Ila nina swali: watunzi wanapata chochote kutokana na maonyesho haya?

MzeeWaKanda

Marahaba, Binti Kisauni. Wanapata. Marekani ukumbi wenye muziki wa jukwaani hulipia leseni kwa mashirika ya haki za watunzi kama ASCAP na BMI, na mashirika hayo ndiyo yanayowagawia watunzi na wachapishaji wao, kwa hiyo bendi haihitaji kubisha hodi kwa kila mtunzi ili ipige wimbo wake jukwaani.

Na umenikumbusha jambo kuhusu kanda. Grateful Dead waliwaruhusu watu kurekodi, na kuanzia Oktoba 1984 waliwatengea eneo lao ukumbini. Bila ruhusa hiyo Dark Star Orchestra isingewezekana kabisa, kwa sababu hakuna ambaye angejua mwaka fulani wimbo fulani ulipigwa kwa mwendo gani. Rob Eaton, anayesimama nafasi ya Bob Weir katika bendi hii, kazi yake nyingine ni fundi wa kurekodi, na alishiriki katika kuziokoa kanda za Betty Cantor-Jackson, mama aliyewarekodi Grateful Dead kwa ustadi wa pekee katika miaka ya 1970 na ambaye kanda zake ziliuzwa kwenye mnada mwaka 1986 kwa kuwa kodi ya ghala ilikuwa haijalipwa. Onyesho la chuo kikuu cha Cornell la tarehe 8 Mei 1977, ambalo Maktaba ya Bunge la Marekani ililiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kitaifa, ni mkono wa Betty. Kwa hiyo mtu anayepiga rithimu mbele yako usiku huo ndiye huyo huyo aliyekaa na kanda zenye ukungu akazisafisha. Mchokonozi anaita hiki kivuli. Mimi naona mtu anayeyatumia aliyojifunza.

Hoja yake ya kutojua wimbo unaofuata, hata hivyo, ni ya kweli na sitajifanya nimeijibu. Ndiyo sababu na mimi nazipenda siku za orodha huru, na ningependa ziwe nyingi zaidi.

Mpenzi wa Solo (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimemsomea shemeji mfano wa mkono wa Kreutzmann, akacheka, kisha akakubali kuja nami mara moja, kwa sharti kwamba nisimweleze chochote wakati muziki unapigwa. Huku kwetu Thornville bendi hii imekuwa ikiandaa tamasha lake katika uwanja wa Legend Valley, uwanja ambao Grateful Dead wenyewe waliupiga kati ya 1988 na 1994 ulipojulikana kwa jina la Buckeye Lake, na hapo nisingehitaji kusafiri mbali. Lakini bendi hiyo hiyo itapita pia katika ukumbi mdogo wa ndani. Kwa mtu wa dansi anayekuja mara ya kwanza, mngenishauri uwanja au ukumbi?

Mchokonozi

Ukumbi wa ndani. Uwanjani atatazama watu na mashati yao ya rangi, na kipindi cha pili atakuwa amekwenda kutafuta chakula.

MzeeWaKanda

Ukumbi, naungana naye. Nunua nafasi za kusimama na msimame karibu na meza ya fundi sauti, ambako besi na magitaa yanasikika kwa uwiano. Huko mbele kabisa utasikia zaidi spika ya mpiga gitaa aliye karibu yako. Msifike mmechelewa, kwa kuwa kipindi cha kwanza kina nyimbo fupi fupi ambazo mtu wa dansi atazishika haraka, na akishazishika hatashtuka nyimbo zitakaporefuka. Mkifika, omba jukwaani pawe na seti moja ya drams. Maonyesho ya 1972 na 1973 yana nafasi nyingi katikati ya vyombo, besi inatembea peke yake kama gitaa la pili, na mtu aliyelelewa na sebene ataisikia bila kuelekezwa. Sharti la kutomweleza kitu lizingatie hadi mwisho, hata tarehe itakapotangazwa.

Kinanda wa Minnesota

Na mchukulie vizibo vya masikio, ndugu. Saa tatu ni nyingi.